Gari Lililoshushwa: Kagua Tairi Upande wa Ndani
Madereva wanaotumia barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga wanakumbushwa kukagua tairi zao, hasa wenye magari yaliyoshushwa kwa kubadilisha au kukata springi. Gari likishuka, sehemu ya juu ya tairi huinamia ndani, na mara nyingi tairi hazielekei tena mbele sambamba. Ukingo wa ndani huisha huku wa nje ukionekana mzima. Tairi hiyo yaweza kupasuka ukiwa kasi, au kuteleza mvua ikinyesha.

Simamisha gari, pinda usukani hadi mwisho, kisha mulika ukingo wa ndani kwa tochi. Za nyuma, chungulia kutoka chini.

• Ndani pekee kumeisha: gari lipimwe alaimenti.
• Kingo zote mbili: huenda upepo ni mdogo.
• Katikati pekee: huenda upepo umezidi.

Fundi aanze kukagua bushi na boljointi, kwani zikilegea alaimenti haidumu. Vipimo visipokubali kurekebishika, rudisha springi za awali. Tairi iliyotokeza waya ibadilishwe mara moja, alaimenti haiiponyi.