Kusindika Mazao ya Msimu Handeni na Korogwe: Asidi, Moto na Ukavu

Machungwa ya Handeni huiva kwa wingi katikati ya mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti. Katika miezi hiyo Mkata, Kabuku na Michungwani, kando ya barabara ya Chalinze–Segera, hujaa marundo ya machungwa, na bei hushuka kadiri marundo yanavyopanda. Maembe hufuata kuanzia Novemba hadi Februari. Nyanya za Mombo, wilayani Korogwe, hukutana sokoni na zile zinazoteremshwa kutoka Lushoto. Kila zao hufika kwa mkupuo, na mkulima asiye na njia ya kulihifadhi huuza kwa bei atakayotajiwa na mwenye lori, au huliacha lioze chini ya mti.

Kuhifadhi chakula si jambo geni katika wilaya hizi. Makopa ya muhogo na majani makavu ya kunde yamevusha kaya nyingi katika miezi ya njaa, na achari ya ndimu ni ya siku nyingi pwani. Kinachojifunzwa sasa katika mashamba darasa na mashamba ya vikundi ni kuongeza vipimo juu ya ujuzi huo, ili chakula kidumu hadi mwaka mzima bila kumdhuru mlaji.

Kwa nini chakula huharibika

Tunda likishachumwa huendelea kuiva kwa nguvu ya vimeng'enya vyake lenyewe. Wakati huohuo bakteria, chachu na ukungu hulishambulia. Viumbe hao huhitaji maji na joto la wastani, na wengi wao hawapendi mazingira yenye asidi kali. Kila njia ya usindikaji huwanyima kimojawapo: kukausha huondoa maji, sukari na chumvi nyingi huyafunga maji yasitumike, siki na ndimu huongeza asidi, na kuchemsha huwaua.

Mfaransa Nicolas Appert alichapisha mwaka 1810 njia ya kufungia chakula ndani ya chupa za kioo na kuzichemsha. Yeye mwenyewe hakujua kwa nini ilifaa. Maelezo yalipatikana miongo kadhaa baadaye, Louis Pasteur alipoonyesha kwamba uozo huletwa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho.

Somo la kwanza: asidi

Kabla ya kuwasha jiko, kikundi hugawa mazao mafungu mawili. Asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo asidi inavyokuwa kali. Mpaka ni 4.6. Machungwa, ndimu, nanasi, ukwaju na maembe mabichi yako chini ya mpaka huo, na kuyachemsha kwenye chupa ndani ya maji ya kawaida kunatosha. Mchicha, kisamvu, kunde, maharage, mahindi mabichi na bamia viko juu yake.

Tofauti hiyo ni ya uhai na kifo. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum huishi udongoni, na mbegu zake hustahimili maji yanayochemka kwa saa kadhaa. Zikifungiwa mahali pasipo hewa na pasipo asidi ya kutosha, huota na kutoa sumu inayopooza misuli, hata ile ya kupumulia. Chakula chenye sumu hiyo huweza kukosa harufu mbaya, na ladha yake isibadilike. Mboga za fungu la pili zikifungwa chupani huhitaji joto la karibu nyuzi 121 kwa mtambo maalumu wa mvuke wenye shinikizo, na sufuria ya kawaida haiwezi kulifikisha. Kwa hiyo katika shamba la kikundi kanuni ni moja: mboga za majani na kunde hukaushwa, hazifungwi kwenye chupa.

Jemu ya machungwa

Chungwa la ukanda huu hubaki na ganda la kijani hata likiwa limeiva, kwa sababu usiku wa huku una joto na ganda huhitaji baridi ya usiku ili ligeuke njano. Ukomavu wake hujulikana kwa kuonja na kukamua, si kwa kutazama rangi.

Kinachogandisha jemu ni pektini, nayo imejaa kwenye nyama nyeupe ya ganda na kwenye kokwa. Ganda hukatwa vipande vyembamba, kokwa hufungwa kwenye kitambaa safi, na vyote hulowekwa usiku kucha katika maji na juisi ya machungwa. Machungwa matamu yana asidi kidogo kuliko inayohitajika kugandisha, hivyo juisi ya ndimu huongezwa. Asubuhi mchanganyiko huchemshwa hadi ganda lilainike, kitambaa cha kokwa hukamuliwa, kisha kila kilo ya rojo hupewa sukari kilo moja. Jemu ikiwa tayari huwa na sukari takriban asilimia 65, na kwa kiwango hicho bakteria hawapati maji ya kutumia.

Kujua wakati wa kuepua ndiko kunakowashinda wanaoanza. Mwenye kipimajoto husubiri jemu ipande nyuzi 4 hadi 5 juu ya kiwango ambacho maji huchemkia mahali hapo. Asiye nacho huweka kisahani juu ya beseni la maji baridi, hudondoshea tone la jemu, hungoja kidogo, kisha hulisukuma kwa ncha ya kidole. Likijikunja ngozi ya juu, jemu imeiva; likitiririka, inarudi jikoni.

Nyanya na mwinuko wa mahali

Nyanya huponza wengi kwa sababu inakaa mpakani. Baadhi ya aina zina pH chini ya 4.6 na nyingine huipita, hasa zikiiva kupita kiasi. Kwa hiyo asidi huongezwa kila mara: vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau ya dukani kwa kila lita, au nusu kijiko cha chai cha unga wa asidi ya sitriki. Limau la kukamua nyumbani halina kipimo kinachotabirika. Kubadili ukali wa ladha, sukari kidogo inaruhusiwa; kupunguza limau hairuhusiwi.

Nyanya zilizomenywa na kupondwa huchemshwa, hujazwa zikiwa za moto kwenye chupa za moto, na nafasi ya kama sentimita moja na robo huachwa juu. Mdomo wa chupa hufutwa na kifuniko kipya hufungwa, kwani kilichotumika hakikazi tena sawasawa. Chupa hupangwa ndani ya sufuria juu ya kitambaa au ubao, maji yakizifunika kwa sentimita mbili na nusu juu ya vifuniko, na dakika huanza kuhesabiwa maji yanapochemka kweli. Chupa za nusu lita huhitaji dakika 35 usawa wa bahari.

Hapo ndipo jiografia inapoingia. Maji huchemka kwa joto pungufu la karibu nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Mji wa Korogwe, katika bonde la mto Pangani, uko karibu na mita 300. Handeni mjini pako juu zaidi. Na vijiji vya milimani upande wa Bungu na Vugiri hupita mita 1,000. Kati ya mita 300 na 900 huongezwa dakika 5, na kutoka hapo hadi 1,800 huongezwa 10. Hesabu ya Tanga mjini ikitumiwa Bungu, chupa hutoka zikiwa hazijaiva vya kutosha.

Kukausha

Ukaushaji hauhitaji chupa wala mkaa mwingi, na ndio njia ya mboga zote zenye asidi hafifu. Majani ya kunde, mchicha na kisamvu kilichotwangwa huchovywa kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika mbili hadi tatu ili kuvizima vimeng'enya, kisha huchujwa. Kaushio la jua lenye fremu ya mbao, wavu na karatasi ya nailoni angavu huzuia vumbi, nzi na umande. Majani hufunikwa kitambaa cheusi, kwani jua la moja kwa moja huharibu vitamini A na C.

Maembe hukatwa vipande vya unene wa milimita 6 hadi 8. Nyama ya embe ina maji takriban asilimia 83, hivyo kilo moja ikikaushwa hadi ibaki na unyevu wa asilimia 15 hutoa gramu 200 tu. Bei ya kuuzia lazima izingatie hesabu hiyo. Kalenda nayo ina mtego: maembe ya kwanza huiva mvua za vuli zikiwa bado zinanyesha, na vipande huota ukungu kabla ya kukauka. Maembe ya Novemba na Desemba hufaa jemu na achari; yale ya Januari na Februari, jua linapowaka, ndiyo ya kaushio.

Kazi ya kikundi, ghala na soko

Chupa moja humgharimu mtu mmoja muda uleule wa jiko unaotosha chupa nyingi. Ndiyo sababu usindikaji hustawi kwenye kikundi: wengine huchuma alfajiri, wengine huosha na kumenya, mmoja husimamia saa na daftari. Daftari huandikwa zao, tarehe, kiasi cha asidi au sukari na dakika za moto, ili chupa moja ikiharibika kundi lake lote litambulike.

Chupa zikipoa kwa saa 12 hadi 24, kila kifuniko hubonyezwa katikati. Kinachoruka kwa mlio hakijakaza, na chupa hiyo huliwa siku hiyohiyo. Zilizokaza huwekewa lebo na kutunzwa mahali pakavu penye giza, kwa matumizi ya ndani ya mwaka mmoja. Iliyovimba, inayovuja au inayorusha povu ikifunguliwa hufukiwa bila kuonjwa na mtu wala kupewa mifugo.

Kikundi kinachotaka kuuza hupata mafunzo ya usindikaji kutoka SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ambalo pia humpa mjasiriamali mdogo barua ya utambulisho ya kupeleka Shirika la Viwango (TBS). Tangu mwaka 2019 TBS ndiyo inayosimamia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Mtaji waweza kuombwa halmashauri, ambazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkaguzi wa ubora na afisa wa mkopo wote huomba kumbukumbu za uzalishaji, na kikundi kilichojaza daftari lake tangu chupa ya kwanza huwa kinazo.