Waraka wa Tabibu Aliye Mbali

Ntoto iko pale ambapo milima ya malisho ya Masisi inapokaribia kukutana na msitu wa Walikale, na watu wa Kivu ya Kaskazini hawalitaji jina lake bila ya kukumbuka soko lake la tarehe 20 Machi 1993, siku ambayo damu ilimwagika kati ya wachuuzi na wanunuzi, na vita vikaenea hata vikaijaza Masisi. Tangu wakati ule nchi hiyo haijakosa watu wenye silaha: askari wa serikali wamekuja na kuondoka, waasi wamekuja na kuondoka, wapiganaji wa vijijini wamekaa, na kila kikosi kilichopita kimeteka maji katika vijito vile vile vya wenyeji, kimechangamana nao sokoni, na kimepanga foleni moja nao mlangoni pa kituo cha afya. Surua ikiingia kambini leo, wiki chache baadaye imo kijijini, na ikianzia kijijini hupata njia hiyo hiyo ya kuingia kambini. Katika mwaka 2019 Kongo yote ilipatwa na surua iliyoua watu zaidi ya 6,000, aghalabu watoto wadogo, na majimbo ya mashariki hayakusalimika.

Sasa mtu na ajiulize nani atamchanja askari aliyepelekwa katika mahali kama hapo. Hospitali ya kijeshi iko mbali, ng'ambo ya barabara za matope na vizuizi, na daktari hawezi kuwa katika kila kambi. Na ikiwa muuguzi atalazimika kungoja daktari amwandikie kila askari idhini yake peke yake, basi askari atahamishwa kabla idhini haijafika. Dawa ya taabu hii imekwisha kupatikana kwingineko, nayo si chombo cha fahari bali ni karatasi.

Karatasi hiyo ni agizo la kudumu, yaani waraka ambao tabibu mwenye mamlaka huuandika na kuutia saini mapema, akimpa muuguzi aliyefunzwa ruhusa ya kumchanja kila mtu aliyetimiza masharti yaliyotajwa humo, bila ya kumwita tabibu kwa kila sindano. Mwaka 2000 kamati inayoishauri serikali ya Marekani juu ya chanjo ilipendekeza njia hii kwa watu wazima, na kanuni ya pamoja ya majeshi ya nchi hiyo, ya tarehe 7 Oktoba 2013, imeipa nafasi yake katika tiba ya kijeshi. Waraka uliokamilika hutaja chanjo ni ipi, na umri wa anayestahiki, na kiasi cha dawa, na kama sindano itaingia katika msuli wa bega au chini ya ngozi. Hutaja maswali ya kuulizwa kwanza, na watu ambao hawapaswi kuchanjwa siku hiyo. Hueleza kwamba aliyechanjwa akae chini ya macho ya muuguzi kwa muda wa dakika 15, na kwamba akivimba uso na kukatika pumzi achomwe adrenalini pajani mara moja, nusu mililita kwa mtu mzima. Mwisho hutaja jina la tabibu wa kuulizwa shaka inapotokea, na siku ambayo waraka wenyewe utakoma kuwa na nguvu.

Wala jambo hili si geni Kongo. Mama anapompeleka mtoto wake kituoni ili apate chanjo ya kifua kikuu baada ya kuzaliwa, na anaporudi naye akiwa na miezi 9 kwa ajili ya surua na homa ya manjano, hakuna daktari anayeitwa. Muuguzi hufuata ratiba ya taifa, huchanja, huandika kadi, na mama hurudi shambani. Linaloweza kufanywa kwa amani juu ya mtoto wa miezi 9 katika kijiji cha msituni haliwezi kuwa muhali juu ya mwanamume wa miaka 25 aliyevaa sare. Tofauti ni kwamba ratiba ya mtoto ina mwenyewe, ilhali ya askari mara nyingi haina: wengi katika jeshi la Kongo walitoka katika makundi ya msituni wakaingizwa kwa mikataba ya amani, na msituni hakuna anayetoka na kadi ya chanjo.

Chanjo inayofaa kuanza nayo, kwa rai yangu, ni ya pepopunda. Mbegu za ugonjwa huo hukaa katika udongo na samadi, na Masisi ni nchi ya ng'ombe. Askari anayejeruhiwa katika malisho yale hujeruhiwa juu ya udongo wenye mauti ndani yake. Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani, lililowachanja askari wake, lilipokea hospitalini majeruhi zaidi ya milioni 2.7, na pepopunda ikawapata 12 tu. Kizazi kimoja kabla ya hapo habari za majeshi zilikuwa nyingine kabisa: Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, lilipotoka Kivu mwaka 1916 na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba, na katika vita vyote vile vya Afrika ya Mashariki, wapagazi waliozikwa njiani kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Agizo la kudumu humwezesha muuguzi kusoma kadi ya majeruhi na kutenda papo hapo: kidonda kikiwa kichafu na chanjo ya mwisho ikiwa imepita miaka 5, achanjwe tena, na ambaye hakuchanjwa kamwe aanzishiwe chanjo na kupewa pia kinga ya haraka, kama ipo.

Hata hivyo karatasi haichanji, na aliyepewa idhini bila ya mafunzo ni hatari kuliko asiyepewa. Mwezi wa Mei 2017, katika kijiji kimoja cha Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la kuchanganyia dawa lilitumiwa kwa siku nne mfululizo, chupa baada ya chupa. Kwamba chanjo haikuhifadhiwa katika baridi. Na kwamba miongoni mwa waliochanja walikuwamo watoto wasiotimiza miaka 13. Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu Kapoeta na Ntoto ni ndugu wa hali moja: barabara mbaya, vita, na dawa inayofika ikiwa imechoka safari.

Kwa hiyo mtazame muuguzi mwenye kuheshimu dhamana yake. Anaitoa chupa ya surua katika sanduku la baridi na kuigeuza mpaka aione alama iliyobandikwa, duara yenye mraba ndani yake: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijaiharibu dawa, rangi zikilingana, chupa hutupwa, hata kama foleni ni ndefu na kamanda amesimama mlangoni. Anaichanganya kwa maji yaliyokuja pamoja na chanjo hiyo hiyo, si kwa maji mengine yoyote, anaandika saa, na zikipita saa 6 kilichobaki humwagwa. Haya yote yasiachwe katika kumbukumbu ya mtu, bali yawemo katika waraka.

Waraka nao hubadilishwa elimu inapobadilika. Mwaka 2016, homa ya manjano ilipotoka Angola ikaingia Kongo na chanjo ikawa haba, mamilioni ya watu wa Kinshasa walichanjwa mwezi wa Agosti kwa sehemu moja tu ya tano ya dawa ya kawaida, yaani mililita 0.1 badala ya 0.5. Hakuna muuguzi aliyejiamulia hilo mwenyewe. Wataalamu walipima, wakubwa wakaagiza, wauguzi wakatekeleza. Mwaka huo huo, tangu tarehe 11 Julai, cheti cha chanjo hiyo kilichokuwa kikihesabiwa miaka 10 kikawa cha maisha. Agizo lililoandikwa kabla ya hapo na kuachwa ukutani lingekuwa likiwachoma watu sindano wasiyoihitaji, na ndiyo sababu lipitiwe na kusainiwa upya kila mwaka.

Liko jambo ambalo wakubwa wa vikosi huelekea kulisahau, nalo ni kwamba waraka huu humpa muuguzi idhini ya kuchanja lakini haumwondolei askari haki ya kuelezwa anachochanjwa na kwa nini. Askari amezoea kutii, na kwa hiyo ni rahisi kumpanga mstarini kimya. Lakini aliyechanjwa bila ya maelezo huwa mwepesi wa kusadiki uvumi, na uvumi huo huufikisha kijijini jioni ile ile. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, jimbo la Kivu ya Kaskazini lilionja matunda machungu ya chanjo iliyoonwa kuwa ni ya wenye bunduki, kwa kuwa wahudumu wa afya walishambuliwa na wengine waliuawa. Basi ikiwa askari atachanjwa katika kituo cha raia, na asimame foleni kama wengine, na silaha yake ibaki nje ya ua chini ya ulinzi wa mwenzake.

Linabaki daftari. Mwezi wa Machi 2025 Walikale-kati ilitekwa na waasi wa M23, na wiki chache baadaye wakaondoka. Vikosi vya pande zile vilihama, na kila kikosi kikihama hesabu za afya hupotea njiani. Kila sindano iandikwe mara tatu: katika daftari la kituo, katika hesabu ya kikosi inayopelekwa kwa tabibu aliyetia saini, na katika kadi anayoishika askari mwenyewe, pamoja na tarehe na namba ya chupa. Pasipo hayo mtu mmoja atachanjwa mara mbili, na mwenziwe aliyelala naye hema moja hatachanjwa hata mara moja.