Ndege Wasafirio Usiku

Baridi ianzapo Ulaya na Asia, ndege wengi huondoka huko kuja Afrika, na baadhi yao hufika pwani ya Kilwa na Lindi. Wengi wa wale wadogo husafiri usiku, wakiongozwa na nyota na nguvu ya sumaku ya dunia.

Anga likiwa safi, hupita juu bila taabu. Lakini ukungu ukitanda, nyota hazionekani, nao hushuka chini. Hapo wakiona mwanga, huuendea. Mwaka 1969 hoteli ilifunguliwa Ngulia, katika mbuga ya Tsavo, Kenya. Usiku wa ukungu taa zake ziliwavuta ndege kwa maelfu.

Hatari kubwa ni mnara mrefu wa mawasiliano, ushikwao na nyaya na wenye taa isiyozimika. Ndege huuzunguka mwanga kama nondo azungukavyo kandili, wala haoni nyaya gizani. Hujigonga, akaanguka, akafa. Katika Marekani na Kanada hukadiriwa kwamba karibu ndege 7,000,000 hufa hivyo kila mwaka.

Je, minara ibomolewe? La, kwani ina faida. Hata mvuvi hupata habari za dhoruba kwa simu. Dawa yake ni nyepesi. Wataalamu wa Marekani waliona kwamba taa zisizozimika zikiondolewa, zikabaki zile za kuwaka na kuzimika, vifo hupungua kwa nusu au zaidi, na marubani bado huuona mnara. Basi ndege aliyevuka jangwa na bahari aweza kuokolewa kwa taa ifumbayo jicho.