MAJI, FUNDI ASIYECHOKA
Yanavyojenga na kuchonga nchi za ajabu duniani

Haba na haba, wasema wahenga, hujaza kibaba. Methali hii aghalabu hutajwa kwa habari ya fedha na akiba, walakini hakuna kitu kiuonyeshacho ukweli wake kuliko maji. Tone moja likianguka juani hukauka kabla mtu hajalitazama vizuri. Lakini matone hayo hayo, yakipewa maelfu ya miaka, hujenga ngome, huchonga milima, na kutandaza nchi nzima nyeupe kama shuka. Zifuatazo ni habari za mahali panne ambapo kazi ya fundi huyu yaonekana wazi, na ambapo pia yaonekana jinsi binadamu awezavyo kumharibia kazi yake au kumsaidia.

NGOME YA PAMBA

Kusini-magharibi ya Uturuki, katika mkoa wa Denizli, upo mteremko mweupe wenye kimo cha mita 200 hivi, uliopangika ngazi kwa ngazi mpaka bondeni. Kila ngazi ni kama bakuli, na ndani ya bakuli mna maji ya rangi ya mbingu. Mtu autazamaye kutoka mbali hudhani ni theluji, au pamba iliyoanikwa. Kwa sababu hiyo Waturuki wakapaita Pamukkale, maana yake Ngome ya Pamba.

Kwa hakika weupe ule ni chokaa. Maji ya moto yapitayo chini ya ardhi huyeyusha chokaa iliyomo mawemawe na kuichukua. Yakifika juu, hewa ya kaboni dayoksaidi iliyofungika ndani yake hutoka, kama itokavyo katika chupa ya soda inapofunguliwa. Hapo maji hayawezi tena kuibeba chokaa yote, nayo hutua. Kwanza huwa laini kama uji mzito, kisha hukauka ikawa jiwe.

Hewa hiyo iliwatisha sana watu wa kale. Juu ya mteremko huo ulijengwa mji wa Hierapolis katika karne ya pili kabla ya Kristo, na mjini humo palikuwa na pango lililoitwa mlango wa kuzimu. Strabo, mtaalamu wa jiografia wa zama zile, aliandika kwamba alitupa shomoro ndani yake, wakafa mara moja. Siku hizi yajulikana kuwa kaboni dayoksaidi, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, hutoka ardhini na kutanda chini. Mnyama mfupi akiivuta hufa, na mtu aliyesimama wima huweza kusalimika. Basi hewa iliyoua shomoro pangoni ni ile ile ambayo, ikitoka katika maji, huiacha chokaa ijenge zile ngazi nyeupe.

Ngome hii ilikaribia kuharibiwa. Katika karne ya 20 hoteli zilijengwa juu kabisa ya mteremko, na maji ya chemchemi yakavutwa kujaza mabwawa ya kuogelea ya wageni. Barabara nayo ikakatwa kupita katikati ya ngazi. Mahali palipokosa maji weupe ukafifia, pakawa kijivu. Mwaka 1988 Shirika la UNESCO lilipatia mahali hapo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na katika miaka iliyofuata hoteli zile zikabomolewa na barabara ikaondolewa. Leo maji hufunguliwa kwa zamu, mara upande huu, mara upande ule, kama Wamarakwet wagawanavyo maji ya mifereji yao mashambani. Mgeni naye hana ruhusa kukanyaga chokaa ile ila amevua viatu. Sehemu nyingi zilizokuwa zimefifia zimerudia weupe wake.

MILIMA ILIYOCHONGWA

Huko Pamukkale maji hujenga. Katika kusini ya China, yamebomoa, na ubomoaji wenyewe umekuwa pambo. Kando ya Mto Li, karibu na mji wa Guilin, vilima virefu vya mawe vimesimama kimoja kimoja, vimechongoka kama meno, na ukungu wa asubuhi hupita kati yake. Wachina wamekipenda kivuli cha vilima hivyo majini hata wakakichora katika noti yao ya yuani 20.

Mawe yale yalikuwa matope ya chokaa chini ya bahari, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Nchi ilipoinuka, mvua ikaanza kazi yake. Maji ya mvua huchukua kaboni dayoksaidi hewani, na zaidi katika udongo, yakawa na ukali kidogo wa kuweza kuyeyusha chokaa. Palipokuwa na ufa pakawa bonde. Vilima vilivyobaki ni mabaki ya nchi iliyokwisha kuchukuliwa na maji. Kwa njia iyo hiyo maji yametoboa mapango mengi katika mawe ya matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki.

KIOO CHA CHUMVI

Katika nchi ya Bolivia, Amerika ya Kusini, juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 3,600, liko tambarare la chumvi liitwalo Salar de Uyuni. Eneo lake lapita kilomita za mraba 10,000, hata Ziwa Turkana lote lingeweza kulala juu yake na nafasi ikabaki. Zamani palikuwa na maziwa makubwa. Maji yakakauka, chumvi ikabaki.

Wakati wa kiangazi uso wa chumvi hupasuka vipande vyenye pembe sita, kama sega la nyuki. Wataalamu walieleza mwaka 2023 kwamba maji ya chumvi yaliyo chini huzunguka polepole: yaliyokolea chumvi huzama, yaliyo mepesi hupanda, na palipo na mzamo chumvi hujilundika ikafanya kingo. Mvua ikinyesha, maji ya kina kidogo hutanda juu, na tambarare lote likawa kioo. Mbingu huonekana juu na chini, na mtu apitaye hudhaniwa anatembea mawinguni.

Ndani ya maji yale ya chumvi mna lithiamu nyingi, madini yatumikayo katika betri za simu na za motokaa za umeme. Bolivia yahitaji fedha, na dunia yazihitaji betri. Walakini wakulima na wafugaji wa sehemu zile wanauliza ni kiasi gani cha maji kitakachotumika, katika nchi ambayo maji matamu ni machache. Swali hilo ndilo lililokuwa halikuulizwa mapema huko Pamukkale.

ZIWA LILILO JIRANI

Hakuna haja ya kuvuka bahari ili kuona ajabu kama hizi. Magadi, ambayo akina mama huitia katika maharagwe yaive upesi, ndiyo iliyolipa jina lake Ziwa Magadi la Kenya, na imechimbwa huko tangu mwanzo wa karne ya 20. Kusini yake, mpakani ndani ya Tanzania, liko Ziwa Natron. Maji yake ni makali, na vijidudu vipendavyo chumvi huyatia rangi nyekundu.

Katika ukali huo heroe wadogo wamepata ngome yao. Hutaga mayai juu ya vichuguu vya tope katikati ya ziwa, ambako fisi na mbweha hawathubutu kufika. Hapo ndipo mahali pakuu pa kuzaliana kwa heroe wadogo wa Afrika Mashariki, wale wanaoonekana Bogoria na Nakuru. Lakini mizani yake ni nyembamba: maji yakizidi, viota hugharikishwa, yakipungua, adui hupita kwa miguu.

Mto mkubwa uingiao Natron ni Ewaso Ng'iro ya Kusini, utokao katika milima ya Mau, nchini Kenya. Msitu wa Mau ukikatwa, mvua haizami ardhini. Hushuka kwa kishindo pamoja na tope, kisha kiangazi mto hukonda. Basi mtu ashikaye shoka huko Mau anashika pia maisha ya ndege walio mbali naye, katika ziwa la nchi nyingine, ambalo pengine hajaliona kamwe.

Wahenga walisema tena: chovya-chovya humaliza buyu la asali. Maji hayaharakishi, wala hayaombi ujira, lakini hayawezi kujenga yakinyimwa njia. Watu wa Pamukkale walitambua jambo hilo wakati bado kulikuwa na chemchemi ya kufungulia. Msitu uliosalia Mau nao bado umesimama, na maji yake bado yanateremka kwenda Natron.