Kumbukumbu ya Kipindi katika Programu za Wavuti

Mji mdogo wa Kagongwa, ulioko Kahama mkoani Shinyanga, unajulikana kwa biashara ya mchele na kwa mashine zake za kukoboa mpunga. Tuseme mwenye mashine mmoja ameamua kupokea wateja kwa njia ya tovuti. Katika ukurasa wa kwanza mkulima huandika kwamba ataleta magunia 12. Katika ukurasa wa pili huonyeshwa gharama anayodaiwa. Je, ukurasa wa pili utajuaje idadi iliyoandikwa katika ule wa kwanza?

Swali hili si jepesi kama lionekanavyo. HTTP, yaani kanuni za mawasiliano ya wavuti zilizoasisiwa na Tim Berners-Lee, haziweki kumbukumbu: kila ombi linaloifikia seva huhesabiwa kuwa la mgeni asiyejulikana. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni njia ya kuondoa tatizo hilo, nayo huitwa kuki. Seva humpa kila mgeni namba ya siri, na kivinjari chake huirudisha pamoja na kila ombi. Kwa namba hiyo seva hufungua ukurasa wa mgeni huyo katika daftari lake. Yaliyoandikwa humo ndiyo kumbukumbu ya kipindi.

Sehemu ya programu inayopokea ombi na kuamua jibu huitwa kidhibiti. Kosa la kawaida ni kukiacha kila kidhibiti kiandike daftarini kipendavyo. Cha kwanza huandika "magunia". Cha pili hutafuta "idadi". Kisipoiona, huchukua sifuri, na mkulima huambiwa kwamba hadaiwi kitu. Mwenye mashine hupata hasara pasipo onyo lolote.

Hapana budi, basi, kumweka karani mmoja, yaani kijisehemu cha programu ambacho peke yake kinajua majina ya yaliyomo daftarini. Kidhibiti hakiligusi daftari, humwuliza karani tu, "Magunia mangapi?" Manufaa yake ni mawili. Kwanza, jina likibadilika, hurekebishwa mahali pamoja. Pili, twaweza kumweka karani wa majaribio, bila seva wala kivinjari.

Tumpe karani huyo daftari lenye magunia 12. Ikiwa bei ya kukoboa gunia moja ni shilingi 3,000, jibu la kidhibiti lazima liwe 36,000. Kisha tumpe daftari tupu, kama la mkulima aliyekawia hata kipindi kikaisha. Hapo kidhibiti hakina ruhusa ya kumtoza sifuri. Lazima kimrudishe ukurasa wa kwanza.

Mwalimu aweza kulifanya jaribio hili darasani pasipo kompyuta. Mwanafunzi mmoja awe kidhibiti, mwingine awe karani mwenye daftari. Mara daftari tupu litakapofunguliwa, darasa zima litaona kama kidhibiti kiliandikwa kwa uangalifu.