Gari la Wagonjwa Lisipowaka, Taa Zitazamwe Kwanza

Gari la wagonjwa likigoma kuwaka alfajiri, mama mjamzito aliyepewa rufaa hawezi kusubiri fundi afike kutoka mjini. Hata hivyo, si kila hitilafu ya umeme huhitaji betri mpya. Madereva wa vituo vya afya wanakumbushwa kuanza na taa kubwa: ziwashwe, kisha ufunguo uzungushwe.

Taa zikififia au kuzimika, umeme haufiki kwa nguvu ya kutosha. Vichwa vya betri vikaguliwe. Vikiwa vimelegea au vimeota ukungu mweupe, swichi izimwe, waya wa hasi ufunguliwe kabla ya ule wa chanya, vichwa visuguliwe na kukazwa. Waya wa hasi urudishwe mwisho. Betri nzima ya volti 12 ikiwa imepumzika husoma takriban volti 12.6, ikisoma chini ya 12, imeishiwa chaji.

Taa zikibaki na mwanga uleule na stata isizunguke, betri isilaumiwe haraka. Fyuzi, swichi na stata ndizo za kukaguliwa. Stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini isishike, mfumo wa mafuta nao uchunguzwe.

Gari likishawaka, betri ipimwe tena. Kwa kawaida husoma kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikibaki 12, altaneta haichaji, na gari laweza kuzimika njiani mgonjwa akiwa ndani. Hitilafu hiyo iandikwe kwenye daftari la gari na kuripotiwa siku hiyohiyo.