Kuinua Gari Linalovuta Tela: Hesabu ya Mchanga wa Mafia

Mji wa Kua, ambao magofu yake ya matumbawe na chokaa yamesimama upande wa magharibi wa kisiwa cha Juani, haufikiki kwa gari, kwa kuwa kati yake na Utende, kwenye kisiwa kikuu cha Mafia, ambako barabara itokayo Kilindoni inakutana na ufukwe, pana maji ya Ghuba ya Chole. Kazi ya gari katika safari ya Kua huishia hapo ukingoni, nayo ni kuleta watu, mafuta, saruji, na pengine boti yenyewe ikiwa juu ya tela. Kazi hiyo ya kuvuta boti hadi majini ndiyo inayoibua swali linalowahusu wenye pikapu na Land Cruiser kote pwani, yaani kama gari lililoinuliwa na kuvishwa matairi makubwa ili lipite mchangani litaendelea kuvuta kama lilivyotoka kiwandani.

Jambo la kwanza ni kutenganisha mambo mawili ambayo gereji nyingi huyauza kama kitu kimoja. Kuinua gari kwa springi ndefu zaidi, au kwa koili na shokapu zilizobadilishwa, hunyanyua bodi na chesisi peke yake, lakini difu, yaani kile kibuyu cha gia kilicho katikati ya ekseli ambacho ndicho hukwama kwenye tuta la mchanga katikati ya njia, hubaki pale pale kilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi tu, nalo huiinua kwa nusu ya ongezeko la kipenyo chake. Kwa hiyo mtu aliyetumia fedha kuongeza sentimita 5 za springi huku akiacha matairi ya zamani amepata nafasi ya kuweka tairi kubwa baadaye, na amepata pembe nzuri zaidi ya kupandia kingo, lakini hajapata hata milimita moja ya usalama kwa difu yake.

Tairi nalo lina gharama ambayo haionekani kwa macho. Maandishi 265/70R16 yanamaanisha tairi la upana wa milimita 265, ambalo kimo cha ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, na linalovishwa kwenye rimu ya inchi 16, hivyo kipenyo chake ni milimita 777 hivi. Likibadilishwa na la 285/75R16, kipenyo kinakuwa milimita 834, yaani ongezeko la zaidi kidogo ya asilimia 7, na difu inapanda kwa milimita 28. Ongezeko hilo hilo hupunguza msukumo unaofika ardhini kwa karibu asilimia 7, kwa sababu injini na gia zile zile sasa zinazungusha gurudumu lenye mkono mrefu zaidi. Injini ya 1HZ ya Toyota, ya lita 4.2 na silinda sita, ambayo haina turbo na ambayo imezoeleka mno katika Land Cruiser za Tanzania, huuhisi upungufu huo mapema kuliko injini za turbo, hasa inapoanza kuondoa tela zito kwenye mteremko wa ufukwe, ambapo dereva hujikuta akiichoma klachi ili kufidia. Mita ya mwendo nayo hudanganyika, kwani kama hapo awali ilikuwa sahihi, itakapoonesha kilomita 50 kwa saa, ambazo ndizo kikomo katika maeneo ya makazi, gari litakuwa likienda karibu 54.

Dawa ya kweli ya upungufu huo ni kubadili uwiano wa gia za difu. Gari lenye uwiano wa 4.10, yaani propela shafti inayozunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja, huhitaji takriban 4.40 ili lirudi katika nguvu yake ya awali, na katika gari la magurudumu manne difu ya mbele na ya nyuma lazima zibadilishwe pamoja, la sivyo zitapigana. Mafundi wa Iceland, ambao huvisha Hilux matairi ya inchi 38 na hata zaidi ili zipite juu ya barafu, huyahesabu mabadiliko ya gia kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Afrika Mashariki hatua hii hurukwa mara nyingi, na ni kosa kubwa kwa mtu anayevuta. Magari ya utalii yanayoinuliwa na kurefushwa Arusha ni mfano mbaya wa kuiga katika jambo hili, kwa sababu kazi yao kuu ni kubeba watu na si kuvuta.

Breki huingia katika hesabu ile ile, kwani pedi zile zile zinapokamata gurudumu kubwa zaidi, nguvu ya kusimamisha inayofika barabarani hupungua kwa kiasi kile kile cha karibu asilimia 7, huku tela likisukuma kwa nyuma. Tela lisilo na breki zake lenyewe halifai kabisa kuunganishwa na gari la namna hiyo likiwa na boti nzito. Wala springi ngumu haziongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta, kwa kuwa uzito huo umewekwa kwa kuzingatia ekseli, breki, chesisi na kipoza maji, ambavyo havikuguswa.

Sehemu ya kuunganishia tela hupanda pamoja na gari, kwa karibu sentimita 8 pale springi zinapoongeza 5 na tairi likaongeza 2.8. Kwa tela la ekseli moja lenye mkono mrefu, mwinamo unaotokea ni mdogo, ingawa hupunguza kidogo uzito unaokaa kwenye mpira wa chuma wa kuunganishia, uzito ambao inafaa uwe kama asilimia 10 ya uzito wote wa tela, yaani kilo 150 kwa tela na boti vyenye jumla ya kilo 1,500. Ukipungua sana, tela huanza kuyumba na kulitikisa gari kutoka nyuma. Kwa tela la ekseli mbili tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu pua ikiinuka mzigo huelekea kuegemea ekseli ya nyuma, na matairi yake huchemka. Tiba yake ni rahisi kuliko matengenezo yote yaliyotajwa, nayo ni kufunga kishikio kilichoshushwa, kinachorudisha ule mpira wa chuma katika kimo kinacholiacha tela likiwa sambamba na ardhi. Fundi aangalie pia pembe ya kasta, yaani mwinamo mdogo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, kwani ekseli nzima ya mbele ikiinuliwa bila bushi za kuirekebisha, usukani hupoteza tabia ya kurudi wenyewe, na aangalie krosi za propela shafti, ambazo huisha haraka zikifanya kazi katika pembe kali.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya manufaa ambayo watu huyatafuta kwa kuinua gari hupatikana kwa kupunguza upepo. Tairi la kawaida lililoshushwa kutoka paundi 35 hadi 18 hulala na kurefusha sehemu inayogusa mchanga, hivyo gari huelea badala ya kuchimba, na jambo hilo halihitaji zaidi ya kipimo cha upepo na pampu ndogo. Mwendo uwe wa polepole, na upepo urudishwe kabla ya kuingia lami, kwani tairi laini lenye mzigo hupata joto na kupasuka. Kinachosahaulika karibu kila mara ni matairi ya tela, ambayo yakiachwa membamba na magumu huchimba mfereji kama plau, na kulifanya gari lililoinuliwa kwa gharama kubwa lishindwe na mzigo ambao lingeuvuta bila shida.

Maji ya chumvi ni habari nyingine. Habu za magurudumu zilizopata moto kwa safari, zikitumbukizwa baharini ghafla, hupoa na kunyonya maji kupitia sili hadi kwenye beringi, na difu hufanya vivyo hivyo ikiwa bomba lake la kupumulia halikupandishwa juu. Matairi makubwa huziongezea beringi hizo mzigo, kwa hiyo anayeyatumia kushusha boti apumzike kwa muda kabla ya kurudi nyuma majini, asuuze ekseli za gari na za tela kwa maji baridi siku hiyo hiyo, na abadilishe grisi mara nyingi kuliko kitabu cha gari kinavyoagiza.